Ndoo Niliyoiandika Bamwana

Bora niisimulie mwenyewe, maana huku kwetu Rubondo, kambini kwa wakimbizi Uganda, habari hii imeshazunguka mpaka kwenye foleni ya bomba la maji, na kila inapopita inaongezwa chumvi, kuna wanaosema nilimpelekea mgonjwa nguruwe mzima ndani ya ndoo, kuna wanaosema nilitolewa hospitali na askari, na yote mawili ni uongo (askari alikuja kweli, ila hakunitoa, aliniuliza maswali tu). Ukweli wenyewe unanitosha kwa aibu. Hata leo nikiona ndoo nyeupe yenye kifuniko, shingo inapata moto.

Mimi wananiita Papa Goda, kwa jina la binti yangu mkubwa Godeliva. Ni Mrundi, nauza maharage na mahindi kwa vikombe na kwa magunia, nina mke mmoja na watoto watano, na nina kasoro moja ambayo wanaume wenzangu wa kanisani wananicheka nayo: naingia jikoni. Siingii kupika. Naingia kupima.

Ilianza na semina ya siku moja kwenye darasa la shule ya msingi, mama mmoja Mganda alikuja kutufundisha juu ya chakula kinachoharibika nyumbani, akatuambia kila mtu akirudi kwake aweke kwenye gunia kila kitu anachotupa kwa wiki moja, halafu aangalie. Wenzangu walisaini karatasi, wakanywa soda, wakaenda. Mimi nikaweka gunia. Jamani! Ugali uliobaki kwenye sufuria, maharage yaliyochacha kwa sababu mtu alisahau kuyachemsha tena, mchele ulioungua chini, maganda ya viazi na ya ndizi yaliyokatwa manene (watoto wangu wakimenya ndizi, wanamenya mpaka ndizi yenyewe), na wakati huo nyumba yangu ilikuwa bado inafunikwa na turubai, mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Niliangalia lile gunia nikaona mabati yangu yameoza humo ndani.

Basi nikatoa sheria. Kikombe hiki cha mchele kwa watu hawa, kikombe kile cha maharage kwa watu wale, na chakula cha jana kinaliwa kwanza kabla cha leo hakijaguswa. Nikatafuta ndoo nyeupe zile za mafuta ya kupikia, zenye kifuniko kinachobana, na kwa kalamu ile ya wino mzito ninayoandikia magunia sokoni nikaandika moja LEO na nyingine JANA. Mke wangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniangalia vile ninavyoandika, akasema, "Sasa wewe ukishakuwa mama wa nyumba, mimi niende nikauze maharage, sindiyo?" Nikamwambia ataona. Na kweli aliona, maana kufika mavuno ya pili tuliacha kununua unga katikati ya mwezi, na mabati yakapanda juu ya nyumba, na mimi kichwa kikavimba, nikawa nikipita kwa majirani naangalia mashimo yao ya taka na kutikisa kichwa. Wakanibatiza Papa Kipimo. Nilidhani ni sifa.

Sasa Goda akaolewa. Alimpata Amosi, kijana wa Kikongo wa kutoka Kivu ya Kusini, mtaratibu, anauza nguo siku za soko, sina neno naye. Baba yake Amosi alishafariki, kwa hiyo mkubwa wa nyumba ile ni mama yake, Mama Amosi, mjane, mlokole wa kanisa lile ambalo hawagusi nyama ya nguruwe hata kwa kijiti. Kwetu wazazi waliooziana watoto wanaitana bamwana. Mimi namwita bamwana, yeye ananiita bamwana, na hilo ni neno la heshima kubwa, mtu halichezei.

Mimi nikalichezea, na nitawaambia ilivyokuwa.

Baada ya harusi Mama Amosi alikuja kututembelea mara ya kwanza. Alifika bila kutoa taarifa, mchana, na mke wangu akataka kuchinja kuku, mimi nikamvuta pembeni nikamwambia mbona maharage yapo, yamebaki mengi ya jana, yatiwe kitunguu na mafuta ya mawese, hakuna atakayejua. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka. Lakini sheria ilikuwa sheria, akayapasha, akapakua sahani imejaa. Nikakaa mbele ya mgeni wangu nikiwa na wasiwasi, namwangalia kila tonge. Alikula nusu. Halafu akasukuma sahani mbele kidogo, akainua kidevu kuelekea mlangoni, akasema neno fupi, kwa Kiswahili chao kile cha Kongo, na mimi nikasikia: "Iyi yaraye."

Sasa kwa Kirundi, yaraye maana yake imelala, ni ya jana. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikajisemea, mama huyu amekuja nyumbani kwangu, amekula nusu, halafu ananiambia machoni kuwa nimemlisha chakula kilicholala! (Na kilikuwa kimelala kweli, ndiyo iliyoniuma zaidi.) Nilitabasamu, nikabeba ile sahani mwenyewe, nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaimwaga. Mimi. Papa Kipimo.

Miezi michache baadaye nikanunua kitoto cha nguruwe, jike, ili hata maganda na makoko yasipotee bure. Lakini nguruwe yule alikuwa na madeko. Ukimpa maganda ya viazi anakula, ukimpa maharage yaliyochacha ananusa, anarudi nyuma, anakitia chombo pua na kukipindua. Siku moja alipopindua nikasema kwa sauti, watoto wakiwa pale, "Huyu anajua chakula kilicholala, huyu ni bamwana kabisa." Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Jina likashika. Bamwana amekula? Bamwana ametoroka! Mke wangu alikataa tangu siku ya kwanza, akaniambia, "Papa Goda, hilo jina siku moja litakutoka mdomoni mwenyewe akiwa amekaa mbele yako." Nikamwambia aache woga wake, na kwa kuwa sasa kulikuwa na ndoo ya tatu, ya kukusanyia makombo ya nguruwe, nikachukua kalamu yangu nikaiandika kwa herufi kubwa: BAMWANA. Ndipo kosa langu dogo lilipoanzia, hapo kwenye kalamu.

Wakati mimi nacheka, mwanangu alikuwa analia. Sikujua. Kule kwa kina Amosi bibi harusi anapika kwenye jiko la mama mkwe, chungu kimoja, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwekea mafiga yake na kumwambia haya, washa moto wako. Wengine wanakaa miezi mitatu, wengine sita. Goda alimaliza mwaka. Akauliza kwa upole, akajibiwa bado. Akauliza tena, na safari hii Mama Amosi akamwambia ukweli, kwamba amesikia sifa za baba yake, mtu anayehesabia wanawe vikombe, na binti aliyelelewa kwa kipimo akipewa jiko atamfungisha Amosi njaa. Goda alinieleza haya akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa. "Papa, kila nikishika kikombe cha mchele wanaangalia mkono wangu," akaniambia. "Niko kwa watu, nina mume, na sina hata mahali pa kuchemshia chai." Niliumia sana, ila badala ya kujilaumu nikamlaumu yule mama, nikasema unaona, ndiye yule yule wa yaraye.

Halafu Mama Amosi akateleza kwenye matope akivuka mfereji, mguu ukavunjika vibaya, akapelekwa Mbarara kwenye hospitali moja kubwa, akalazwa. Goda ndiye aliyekwenda kumuuguza, analala kwenye mkeka chini ya kitanda, anafua, anamgeuza, na Amosi anapita akipata nafasi. Siku ya nne Goda akanipigia simu, kwa sauti ya chini. "Papa, uje. Na ukija, uje na chakula. Wenzetu humu wote wanaletewa vyakula vya nyumbani, sisi tunatazama. Mama jana ameuliza kama mimi sina wazazi. Leta chakula cha kuonekana, Papa, nakuomba. Ukija mkono mtupu, basi habari ya jiko mimi naizika."

Nilisema nitakuja, na nilimaanisha. Wiki nzima kichwani mwangu hapakuwa na kingine ila bamwana, bamwana atakula nini, bamwana ataniangaliaje, na naomba mkumbuke hili kwa sababu ndilo lililoniponza: wiki ile yote bamwana alikuwa mtu, nguruwe nilimsahau kabisa. Asubuhi ya safari mke wangu alipika bila kipimo (mimi mwenyewe nilimruhusu, nikageuza uso ili nisione). Kuku, wali, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa vizuri na karanga. Akavitia kwenye masahani ya kufunika, akayapanga ndani ya ndoo mpya isiyoandikwa kitu, akaiweka juu ya meza, akaenda bombani. Alipokuwa anatoka alinipigia kelele, "Ya bamwana iko tayari jikoni!" Mimi nilikuwa navaa shati.

Usiku kulikuwa kumenyesha, kwa hiyo ndoo ya nguruwe, ambayo siku zote inakaa nje, ilikuwa imeingizwa ndani karibu na mlango. Pikipiki inapiga honi nje. Naingia jikoni mbio, naona, ukiacha zile za LEO na JANA, ndoo mbili nyeupe, moja haijaandikwa kitu, nyingine imeandikwa BAMWANA kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa kuamini maandishi. Nikainua ile yenye jina, nikaona ina uzito wa kutosha, nikamshukuru mke wangu moyoni, nikaifunga kwa kitenge kizuri cha maua, nikapanda.

Nikabadilisha pikipiki kwa gari, nikaipakata ile ndoo njia nzima, na kila gari liliporuka kwenye shimo nilisikia harufu ya uchachu, nikamwangalia mama aliyekaa pembeni yangu na kikapu cha samaki wa ziwani, nikamhukumu. Hata nikafungua dirisha kwa kishindo ili aelewe. Mama wa watu, popote ulipo, unisamehe.

Kwenye wodi ile kulikuwa na vitanda labda kumi na viwili, wanawake watupu, na ilikuwa saa ya kuwaona wagonjwa, kwa hiyo kila kitanda kina watu wake na sufuria zao. Mama Amosi alikuwa ameegemea mto, mguu umefungwa plasta nyeupe mpaka gotini. Kumbe alikuwa amekonda. Nilipomwona vile, lile neno la yaraye lilipungua kidogo kifuani.

"Bwana asifiwe, bamwana," akaniambia.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikamjibu, kila mtu na ya kwao, tukacheka kidogo.

"Uliteseka na njia. Ikala hapa," akanigongea ukingo wa kitanda nikae. Halafu macho yakaenda kwenye kitenge. "Na iyi ni nini?"

Nikasema ni kidogo tu tulichojaliwa, mama yake Goda anakusalimia. Goda akasogea, ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikafungua kitenge taratibu, nataka wodi yote ione, na lile jina likajitokeza mbele ya Mama Amosi. Alilisoma herufi kwa herufi. Akaweka mkono kifuani.

"Angalia, baliandika mpaka jina yangu!" akasema, na akawageukia wa kitanda cha jirani. "Banasema huyu mwanaume ni muchoyo. Angalieni! Ndoo muzima, na jina yangu juu yake!" Wanawake wakapiga vigelegele vya chini chini, mmoja akaniita mzee mwenye moyo. Goda akainama, akawa anajifuta machozi, na mimi kifua kikapanda, nikashika kifuniko nikakivuta kwa mikono miwili.

Sijui niwaeleze vipi. Kifuniko kilitoa sauti, pwaa, kwa sababu vilivyokuwemo vilikuwa vimechacha siku mbili na vimepikwa na jua la njiani. Harufu ilitoka kwanza. Halafu tukaona wote: maganda ya ndizi meusi, makoko ya ugali yamelowa, maharage yana povu, na juu yake pumba. Mama wa kitanda cha jirani aliziba pua kwa shuka. Mimi nilibaki nimeshika kifuniko juu.

Hapo ningesema ukweli, mambo yangekwisha. Lakini mdomo wangu ukafanya haraka kuliko akili. Nikasema, "Wameniibia!"

"Nani?" Goda akauliza.

"Garini! Wamechukua chakula chote, wakaniwekea takataka!"

Basi ikawa vurugu. Wanawake wakanionea huruma, mmoja akaanza kuwalaani wezi wa Mbarara, mwingine akasema banange, siku hizi wanaiba mpaka chakula cha mgonjwa. Mama Amosi akanishika mkono, akasema, "Pole, bamwana. Usilie. Mungu alikuona ulivyokuwa na roho ya kuleta," akafumba macho akaanza kuniombea pale pale, na mimi nikafumba macho nikaitikia amina juu ya uongo wangu. Nesi akaja akikimbia. "Nyinyi watu, hii kitu inanuka! Ssebo, mzee, toa nje, daktari anakuja sasa hivi." Wakamweleza mzee ameibiwa. Nesi akaita askari wa getini, na askari akaja na daftari.

"Mzee, mwizi alifungua hii kitambaa?" akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Uganda.

"Ndiyo."

"Akatoa chakula yote, akaweka maganda, akafunga kitambaa tena. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeipakata."

Akaacha kuandika, akaniangalia. Na hapo hapo simu yangu ikalia. Sasa simu yangu ina ugonjwa, sikio lake lilikufa zamani, inasikika kwa spika tu, ukipokea wanasikia wote mpaka nyumba ya tatu. Jina la mke wangu likawaka. Nilitaka kukata, kidole kikateleza kwa jasho, ikapokea.

"Papa Goda!" sauti ikajaa wodini. "Uko wapi? Usifungue hiyo ndoo! Nasema usifungue! Umebeba ya nguruwe! Ya bamwana mtu iko hapa mezani na kuku wake, wewe umebeba ya Bamwana nguruwe! Nilikwambia hilo jina litakuaibisha, nilikwambia au sikukwambia?"

Nikaifunika simu kwa kiganja, nikaikalia, bado inaongea. Askari akafunga daftari lake polepole. Kwenye kitanda cha mwisho mtu akaanza kucheka, kicheko akakidaka mwingine, na kikapita kitanda kwa kitanda, wenye mishono wakajishika matumbo wakiomba wenzao wanyamaze. Goda alijifunika uso kwa kitenge kile kile cha maua, akatoka nje bila kuniangalia. Hicho ndicho kilichoniua, si kicheko.

Mama Amosi hakucheka. Aliutoa mkono wake kwenye wangu.

"Nguruwe yenu inaitwa bamwana?"

"Ndiyo."

"Ni miye?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikakaa chini kwenye sakafu, mtu mzima na mvi zangu, nikasema ndiyo, ni wewe. Akageuza uso ukutani. Nikaona bega lake linatikisika, nikajua analia, na kwao nguruwe ni mnyama wasiyemtaja hata mezani. Nesi mwenyewe akaiinua ile ndoo akaipeleka nje kwa mikono yake. Mama Amosi akauliza, bado anaangalia ukuta, "Nilikukosea nini?"

Nikamwambia. Siku ile ya kwanza, maharage. Ulikula nusu ukaisukuma sahani ukasema imelala.

Akageuka. "Miye? Nilisema vile?"

"Ulisema iyi yaraye. Nilisikia kwa masikio yangu."

Alinitazama kama anayetafuta kitu mbali. Halafu akasema polepole, "Nilisema iyi ya bale." Akaniinulia kidevu vile vile alivyofanya siku ile. "Ya bale batoto. Balikuwa wanasimama ku mulango, wanaangalia sahani yangu, ule mudogo kidole iko mu kinywa. Kwetu mugeni hawezi kumaliza yote mbele ya batoto. Iyi ya bale. Ya bale, bamwana! Sikujua hata kama ilikuwa ya jana. Ilikuwa tamu. Nilitaka kuimaliza."

Iyi ya bale. Hii ni ya wale. Nililirudia mdomoni mwangu mara mbili, na kweli, kwa sikio la Mrundi mwenye hatia linaweza kugeuka. Masikio yangu yalisikia kile nilichokuwa nimekificha.

"Basi ile nusu," akauliza, "batoto baliikula?"

Ningeweza kusema ndiyo. Uongo wa siku ile ulikuwa umeshanitosha. "Niliimwaga," nikasema.

"Mbele yao?"

"Mbele yao."

Nilikumbuka kwamba kweli walikuwa pale mlangoni, mwanangu wa mwisho alinifuata mpaka nyuma ya nyumba, akasimama kuangalia yale maharage yenye mafuta ya mawese yakiingia kwenye majani. Mtu niliyekuwa nachungulia mashimo ya taka ya watu. Nilitoka nje, nikamkuta Goda ameketi kwenye ngazi, nikamwomba msamaha, akaniambia, "Papa, nenda tu nyumbani." Nikanunua wali na nyama kwenye mgahawa wa karibu na geti, nikawaachia mlangoni, nikaenda.

Yule nguruwe tulimwuza kabla mwezi haujaisha. Mnunuzi akauliza anaitikia jina gani, nikasema hana jina.

Wiki zikapita, Goda hapigi simu. Mke wangu anazungumza naye, mimi napewa salamu. Mama Amosi akaruhusiwa kurudi, na siku moja Amosi akaja kwetu kusema tunaitwa, mimi na mke wangu. Nilivaa shati lile lile, nikajua naenda kurudishiwa binti yangu.

Tulimkuta Mama Amosi amekaa uani, magongo pembeni, na mbele yake mafiga matatu mapya, bado yana udongo. Akanikaribisha, akasubiri watu wakae. "Bamwana," akasema, "miye nilifikiri uko muchoyo. Nikasema mutoto wake pia atakuwa muchoyo. Kumbe hauko muchoyo, uko kiziwi. Na ukiziwi, mutoto hairithi." Watu wakaangua kicheko, na safari hii na yeye akacheka, mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha Mama Amosi akamwita Goda, akamwonyesha fasi ya jiko pembeni ya nyumba yao, akamwambia abebe mafiga yake. Goda alibeba moja moja, akikataa kusaidiwa, na alipoweka la tatu akakaa juu yake akalia kwa sauti kama mtoto.

"Lakini kuna sheria," Mama Amosi akaniambia. "Sheria unazipenda, sindiyo? Wewe mu jiko ya Goda hautaingia. Hata kuomba moto. Hata mvua ikinyesha."

Nikakubali mbele ya wote. Nikaapa pia vingine ambavyo hakuniomba: kwamba jina la mtu halitaandikwa tena kwenye chombo changu chochote, na kwamba mtu akirudisha sahani kwangu, nitamuuliza mara mbili amesema nini. Nyumbani bado tunakula cha jana kwanza, hilo sikuliacha, mabati yako juu na yanatusitiri, ila kalamu ya wino mzito nimeirudisha sokoni kwenye magunia, na mke wangu anapakua anavyotaka.

Kwa Goda nakwenda Jumapili moja moja, baada ya misa. Ananiwekea kiti uani, anaingia ndani, hajarudi kunizoea kama zamani lakini ananisalimia vizuri na ananiuliza afya. Nasikia mwiko ukigonga sufuria. Sijui ametia vikombe vingapi, na siulizi.